Sindano ya Mama na Majani ya Ng'ombe

"Huu ni ugonjwa au ni dawa?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, akiinua mguu huu na kushusha ule, kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilikuwa na jibu la kila kitu: kwa nini bei ya kahawa imeanguka, kwa nini padri anahubiri vile anavyohubiri, kwa nini Baba amekosea kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Swali la Mama lilinishinda.

Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, nikarudi nyumbani Uru, mlimani, na sanduku la vitabu. Huko nikakuta mambo ambayo barua ziliyataja nusu nusu. Wakati wa masika Mama alikuwa ameanza kusikia watu asiowaona wakizungumza migombani. Walimwambia kwamba maziwa ya ng'ombe wetu yametiwa sumu. Siku tatu mfululizo alikamua kama kawaida, kisha akayamwaga yote kwenye mfereji, Bibi akimsihi na kumshika mkono. Siku ya nne Baba alimshusha hospitali mjini. Tangu hapo akawa anachomwa sindano moja kila mwezi. Wale watu wakanyamaza, na maziwa yakarudi mezani.

Tatizo ni kwamba Mama alikuwa hakai tena.

Kwetu mwanamke anayepita kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya watu, mikono mitupu huulizwa amepatwa na nini. Mama alilijua hilo, kwa hiyo alichukua mundu na kamba, akawa anakata majani ya ng'ombe. Alikata asubuhi, akakata mchana, akakata jioni mpaka giza likamtoa bondeni. Zizini kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, na majani yalirundikana mpaka dirishani. Ndala zilikatika, Baba akamnunulia raba za mtumba sokoni Kiboriloni, nazo zikaisha soli. Jirani yetu, mwanamke wa rika lake, alikuwa akimsifia kutoka ng'ambo ya uzio wa masale:

"Shemeji, huyu mke wako amepona kuliko sisi wazima! Hebu mwazime huku wiki moja."

"Atamchosha ng'ombe wako kwa kula," Baba alijibu akicheka. Alifurahi. Kwake, mke asiyekaa ni mke aliyepona, na hakuna mtu mlimani ambaye angembishia.

Nilimbishia mimi. Niliona kwamba hawezi kumaliza sahani ya mtori bila kusimama mara nne. Kanisani alikaa nje ili aweze kutembea wakati wa mahubiri. Na zaidi ya yote, alikuwa ameacha kukamua. Kukamua kunataka mtu akae kwenye kigoda, atulie, na ng'ombe wetu hakumkubali mtu mwingine. Mimi alinipiga teke mara mbili. Bibi alijaribu, akapata nusu kikombe.

"Mwezi ujao siendi," Mama aliniambia jioni moja. "Afadhali wale watu. Wao angalau waliniacha nikae."

"Na maziwa?"

Aliokota kamba yake akaondoka.

Nakiri kwamba nilikuwa karibu kumwambia aache kweli. Niliiamini hospitali kidogo sana, na hotuba yangu juu ya watu wanaopewa dawa bila kuulizwa ilikuwa tayari. Kilichonizuia ni ule mfereji. Kama ningekosea, asingeumia mwandishi wa hotuba.

Basi nikachukua daftari la mazoezi. Kila siku niliandika mambo matatu: amekaa kwa muda gani bila kusimama, amekata mizigo mingapi ya majani, na kama amesikia watu. Swali la tatu nilimuuliza mwenyewe.

"Andika hakuna," alikuwa akisema, huku anatembea.

Wiki ya nne baada ya sindano aliweza kukaa mpaka mwisho wa rozari. Mzigo ukawa mmoja kwa siku. Ingawa alisema haendi, Baba akamrudisha kliniki kuchomwa nyingine, na kesho kutwa yake mizigo ilikuwa sita. Niliyasoma upya yale maandishi yangu tangu ukurasa wa kwanza. Majani yalifuata sindano. Ugonjwa usingekuwa na kalenda ya kliniki.

Mwezi uliofuata niliteremka naye. Muuguzi wa chumba cha sindano alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mama," nilisema. "Kabla hujamchoma, naomba usome hapa."

"Marahaba. Wewe unasomea udaktari?"

"Hapana, historia."

"Basi kasome historia, mwanangu, foleni ni ndefu."

"Hii nayo ni historia. Ni ya majani."

Alinitazama juu ya miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akiwa amekaa. Halafu akamgeukia Mama, akamwangalia miguu, ambayo hata pale ilikuwa ikicheza chini ya benchi.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kila mtu ananipongeza."

Alitupeleka mwenyewe kwa daktari, tukipita watu wote wa foleni, nao wakatunung'unikia ipasavyo. Daktari alieleza kwa subira kwamba huku kutotulia kunaletwa na dawa, na kwamba ndugu wengi huja kusema mgonjwa wao anazurura, wakitaka aongezewe dawa. Alikuwa na njia mbili. Vidonge vya kila siku, ambavyo vingempa usingizi mzito na kumnenepesha. Au sindano ile ile, ipunguzwe, pamoja na kidonge kidogo cheupe cha kutuliza miguu. Hicho kingemkausha mdomo na kumtia ukungu machoni.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maswali kama tisa. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Ipi itaniacha nikamue?" aliuliza.

"Ya pili, nadhani."

"Basi ya pili."

"Na wale watu, bado wanazungumza?" daktari aliuliza.

Mama aliangalia dirishani. "Wameondoka."

Haikuwa siku moja. Mdomo ulimkauka kweli, akawa anatembea na kipande cha muwa mfukoni. Uzi ulimshinda kupitisha kwenye sindano ya kushonea, nikawa nampitishia mimi. Lakini asubuhi moja nilisikia maziwa yakigonga ndoo, kwa mapigo yale yale ya utoto wangu. Nikachungulia zizini. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, miguu miwili imetulia kwenye samadi. Sikuingia. Nilirudi jikoni nikamwambia Bibi aweke chai ya maziwa, huku nikijifuta macho.

"Unalilia nini, umepigwa teke tena?" Bibi aliuliza.

Jirani alilalamika kwamba mke wa shemeji ameanza uvivu. Ng'ombe naye alilalamika, mpaka akazoea tena kula kama ng'ombe wa watu wengine. Chuo kikafunguliwa, nikaondoka na daftari langu, nikijivuna kwamba nimemchagulia Mama dawa.

Miaka mingi baadaye, nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe, tulikuwa tunamenya ndizi nikamtania kuhusu zile safu za "hakuna". Akacheka. Akaniambia kwamba mmoja wa wale watu hakuwahi kuondoka: mwanamke wa sauti ya chini, aliyekuwa akihesabu migomba kila asubuhi, wala hakutaja maziwa hata mara moja. Alimficha, kwa sababu alijua madaktari wakipata habari zake wangeirudisha sindano ile kubwa, naye angepoteza kigoda chake.