Pigo Moja na Kamera Itafutayo Macho

Machinjioni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Pigo Moja, kwa sababu miaka ishirini na mbili hakutokea fahali aliyehitaji pigo la pili kutoka kwake. Alikuwa na kanuni zake. Unamwendea mnyama kwa nyuma ya bega la kushoto, unampigia mluzi mwembamba, unamwambia "Tulia, mzee, tulia." Mkono wa kushoto unanyanyua kidevu, kidole gumba kinavuta sikio la mnyama limfunike jicho, wa kulia unamaliza. Jicho hulitazami kamwe. "Ukilitazama," alikuwa akiwaonya wageni wa kazi, "utakata vibaya, na mnyama atakulipa papo hapo." Basi, damu inaingia mferejini, analetwa mwingine.

Sasa niambie wewe, mtu ainue videvu mia kwa juma, halafu ategemee mkono huo ukifika nyumbani uwe wa mtu mwingine? Mazoea yana taabu. Jumapili moja bintiye wa miaka kumi na miwili aliangusha redio, ikapasuka. Baba akafoka, mtoto akageuza uso ukutani. "Nitazame ninaposema na wewe!" Na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe. Ukamdaka chini ya taya, ukamnyanyua kidevu, ukampinda kichwa mpaka koo likakaa wazi, na kidole gumba kikavuta sikio la mtoto kuelekea kwenye jicho.

Hakumpiga. Haki ya Mungu, hakumpiga hata kofi. Lakini mkewe alikuwa mlangoni na beseni la nguo, na aliwahi kumpelekea chakula machinjioni mara nyingi. Alijua mshiko ule hufuatwa na nini. Beseni likaanguka, maji yakatapakaa sebule nzima.

"Mume wangu," alisema akifunga mizigo, "wewe sikuogopi. Nauogopa huo mkono. Siku ukijifunza kazi nyingine, tuite."

Akaenda kwa dada yake na mtoto. Na yule bwana, kwa kiburi chake, hakusema samahani. Alisema redio ilikuwa mpya! Wanaume wengine Mungu aliwapa ulimi wa kutafunia tu.

Mwezi ule alikuwa moto wa kuotea mbali. Alipiga teke mlango wa choo ukang'oka bawaba. Machinjioni mchukuzi wa nyama alimtania kuhusu mke, akapigwa ngumi mbili za mdomo na kutema jino kwenye ndoo ya matumbo. Jioni Pigo Moja alikaa kwenye kitanda cha binti, akitazama ukuta. Mtoto alikuwa ameubandika picha za wanyama alizokata kwenye kalenda na magazeti: chui, twiga, fisi, tumbili. Wote wazima, wote wanatazama. Akazihesabu mara tatu. Yeye katika maisha yake hajampa mtoto yule mnyama hata mmoja mwenye uhai. Hapo ndipo wazo la kamera lilipomwingia, na likiingia kichwani mwa mtu mbishi, hulitoi hata kwa patasi.

Dukani muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Alimtazama buti, akatazama kucha zake zenye weusi usiotoka kwa sabuni.

"Baba, ya harusi au ya pasipoti?"

"Ya wanyama. Wa porini."

"Makubwa!" Akatoa kamera mpya kwenye boksi, akaifunga lenzi ndefu, akamsimamisha mlangoni. "Mtafute yule fundi viatu ng'ambo ya barabara. Unaiona sindano yake?"

Pigo Moja aliiona sindano, akaona na uzi. Kisha kikatokea kijisanduku cha kijani, kikacheza kidogo, kikatulia juu ya jicho la fundi.

"Hii nini?"

"Kamera hii inatafuta jicho yenyewe, baba. Kiumbe chochote. Jicho likitoka wazi, picha imekubali. Mengine ni mapambo."

Kamera nzima ya kutafuta kile alichokikwepa miaka ishirini na mbili! Alitaka kuirudisha. Akakumbuka ukuta wa mtoto, akalipa.

Alianzia machinjioni, wakati wa mapumziko, kwenye jaa la mifupa ambako korongo na mwewe hugombania matumbo. Ndege wale hawana adabu: walidonoana shingo, wakararuana, mmoja akamng'oa mwenzake manyoya ya kifuani huku damu ikimtiririka mdomoni. Pigo Moja alipiga picha mia mbili. Mkono uliokuwa haujatetemeka mbele ya fahali ulitetemeka mbele ya kitufe, zote zikatoka ukungu.

"Jamani, Pigo Moja leo anapiga mapigo mia mbili na hajaua hata kunguru!" wakamcheka wenzake, hata yule asiye na jino.

Alichagua moja iliyo afadhali, akaituma kwa simu. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi binti akajibu: "Nzuri baba. Lakini jicho liko wapi?" Pigo Moja akausoma ujumbe ule mpaka simu ikazima. Akaapa atampelekea jicho.

Kaka wa mkewe alikuwa askari wa hifadhi, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye bunduki ya zamani kuliko yeye. Alikubali kumchukua Jumamosi asubuhi.

"Shemeji, nisikufiche," alisema garini. "Dada kaniambia nikutazame siku nzima. Nikirudi ataniuliza swali moja tu: mkono ukoje. Kwa hiyo leo uwe mtu wa picha, sawa?"

"Sawa, shemeji."

Lakini kwenye mkoba wa kamera, chini ya kitambaa cha kufutia lenzi, alikuwa amekiweka kisu. Wachinjaji hawaachi kisu nyumba isiyo na mtu. Alijiambia ni cha kukatia mkate.

Saa tatu wakamwona nyati dume peke yake, mzee, nusu mwili kwenye majani, kichwa amekigeuzia upande wa pili. "Hapa hapa, usishuke," askari alinong'ona. "Una lenzi ndefu ya nini kama si kwa hili?" Pigo Moja akapiga. Mgongo. Pembe. Sikio lililochanika. Jicho hakuna. Akasubiri nusu saa, shemeji yake akageuka kuchukua chupa ya maji kiti cha nyuma, na yule mjinga, sina neno jingine, akafungua mlango akashuka.

Alimwendea nyati kwa namna pekee aliyoijua: kwa nyuma ya bega la kushoto. Akapiga mluzi mwembamba. "Tulia, mzee, tulia."

Fahali wa machinjioni amefungwa kamba, ana kiu, amechoka. Nyati yule hakuna aliyewahi kumfunga. Alisikia mluzi, akageuka mzima. Kijisanduku cha kijani kikalidaka jicho lake. Pigo Moja akabonyeza kitufe na kamera ikawa inapiga mfululizo, na jicho likawa linakua, jekundu pembeni, limejaa chuki tupu, naye amesimama tu, kwa sababu hajawahi kutazamwa namna ile na mnyama yeyote.

"Lala chini!"

Shemeji alimsukuma akaanguka ubavu. Bunduki ililia mara moja, risasi ikapita juu ya mgongo wa nyati, halafu pembe ikamwingia askari pajani na kumrusha juu. Alipotua, nyati alimrudia. Alimkandamiza kwa paji la uso, akamsaga, mbavu zikalia ko, ko, na mtu akatoa sauti ambayo Pigo Moja aliijua. Aliisikia kila siku ya kazi, ila kutoka kwa ng'ombe.

Mkoba ulikuwa umefunguka. Hakumbuki kushika kisu. Anachokumbuka ni kwamba kichwa cha nyati kilikuwa chini, kisogo wazi. Mkono wa kushoto ukadaka pembe, wa kulia ukashuka mahali ambapo fuvu linaungana na shingo. Pigo moja. Mnyama mzima, mzito kupita mafahali wote aliowahi kuwaangusha, akalala upande, pembe ikaubana mkono wa kushoto ardhini na kuuvunja mahali pawili. Alilia machozi pale chini, kamba ya kamera ikiwa bado shingoni, akisema, "Nimechinja tena. Nimechinja tena." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye ulivunjika mkono, na mguu ukachanika wa mwenzake.

Hospitalini waliwekwa vitanda jirani, shemeji na mbavu nne na paja la mishono, yeye na plasta mpaka begani. Siku ya tatu mke akaingia na binti. Pigo Moja akatazama dirishani. Hukumu yake alishaijua.

"Muulize kaka yako," alisema. "Mkono ukoje."

"Ulinivunjisha mbavu kwa ujinga wa mwenyewe, halafu ukaniokoa roho yangu," shemeji akajibu kutoka kitandani. "Dada, mimi hesabu hiyo siiwezi. Pigeni wenyewe."

Mke hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbali kidogo na kitanda. Binti alikuwa ameshaichukua kamera na kuziperuzi picha: mgongo, pembe, sikio, kisha kumi na nne za jicho, moja baada ya nyingine, likizidi kukaribia.

"Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Alikuwa anakutazama wewe."

"Alikuwa ananitazama mimi."

Mtoto akainua kamera, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. "Baba, uso wako uko gizani. Kijisanduku cha kijani hakikai." Akasogea kitandani, akanyoosha mkono mdogo, akamshika chini ya taya. Akamnyanyua kidevu, akamgeuzia kichwa kwenye mwanga wa dirisha.

Pigo Moja akakauka mwili mzima. Koo lilikuwa wazi. Pumzi haikushuka wala haikupanda. Vidole vitano vya mtoto, na yeye, jitu zima, hakuweza hata kumeza mate. Alitaka kuutoa ule mkono, akashindwa. Akajua. Akamtazama binti yake machoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Sikujua ndivyo ilivyo."

Mke akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Tulia, baba," binti alisema, akakibonyeza kitufe.