Nilivyomlilia Marehemu Nisiyemjua

Tangu kiharusi kinipige, machozi na kicheko havinitii tena. Nalia hata nikiona nyanya zimepangwa vizuri sokoni. Juzi, hapa Lubumbashi, kwenye komini, yaani mtaa, uitwao Kenya, machozi yalinishika mbele ya nyumba yenye kilio cha marehemu, bwana nisiyemjua kabisa. Wamama wakanipokea kwa huruma, wakanikalisha kwenye mkeka, ubavuni mwa mjane. Niliona haya kusema ukweli, basi nikazidi kulia. Nikapewa na chai.

Mjane akanigeukia.

"Mama, bwana yangu ulimujulia wapi?"

Nikafungua kinywa nimweleze ugonjwa wangu. Kikatoka kicheko, tena cha nguvu.

Akasimama, akawaita wakwe zake: "Mukuye muone! Ule bibi ya pembeni ya bwana yangu iko huyu hapa!"