Nilivyomwita Somo wa Mke Wangu

Jamani, mjinga ndiye mie, karani wa Mwingereza, mkazi wa Temeke. Juzi mke wangu Zena alininyamazia tangu asubuhi, kajifunika kanga hadi puani. Nikajua ndoa imeingia mdudu. Sikumuuliza kitu, nikakimbia kumwita Bi Mwanahawa, somo yake aliyemfunda kabla ya harusi.

Alipoingia tu, nikapiga magoti.

“Zena, nisamehe! Niliwaambia majirani mama yako anakoroma kama tingatinga!”

Bi Mwanahawa akamfunua kanga. Shavu lilikuwa limevimba kama andazi.

“Jino, somo,” Zena akasema kwa taabu.

Bi Mwanahawa akaangua kicheko. “Baba wee, somo huitwa mkishaulizana!”

Zena naye akacheka huku kashika shavu, kisha akanigeukia.

“Hebu rudia. Nani anakoroma?”