Si Kila Mjumbe Ahitaji Jina

Nikikumbuka ile siku kule Karen, Nairobi, mwanangu, bado nacheka peke yangu. Nilikuwa katika kitalu cha miche cha Mama Mwende, kompyuta mapajani. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Nilikuwa nimepaka nyumba rangi Lavington, nimeosha magari, nimefunga nyaya, kila kazi nikikaa nayo hadi niielewe, kisha nahama. Kuandika programu nilijifundisha chumbani kwangu, mtaa wa Satellite.

Mzee Harjit, fundi mwenye ofisi mjini, alifunga mabomba yanayofunguliwa na kompyuta, mimi akanipa kuandika programu ya kuchagua miche yenye kiu. Lakini Mama Mwende alikuwa na sharti jipya kila asubuhi: leo iliyo juani tu, kesho ya waridi tu. Kila sharti nililitengenezea aina yake ya mjumbe, yaani kitu cha kubeba kazi kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, kisha nikaandika mbinu, yaani kipande cha programu cha kufanya kazi hiyo, yenye jina refu. Majina yakajaa, yakagongana, programu ikakataa kabisa kuanza.

"Kijana," Mama Mwende akaniita, mikono kiunoni, "waridi zangu zimelala. Ikifika saa kumi bila maji, nang'oa hizi bomba zenu, narudi kwa mpira wangu wa kumwagilia. Na wewe urudi kwa rangi."

Mzee Harjit akageuza ndoo, akaketi kando yangu. Akasoma, akatikisa kilemba.

"Wewe ukitaka kutuma mtu chumvi, unamzaa kwanza?"

"Hapana, Mzee."

"Unambatiza?"

Mama Mwende akaangua kicheko. "Na sherehe hatuitwi!"

"Wajumbe wako tayari ndani ya lugha yenyewe ya programu," Mzee akasema. "Predicate anakujibu ndiyo au hapana. Func anakuletea jibu la aina yoyote. Action anafanya kazi, harudishi kitu. Unawaambia tu wanabeba nini: mche, bomba, hata mbuzi. Mbona unatengeneza wengine?"

Nikafuta. Kumbe kufuta ni kutamu hivyo! Mahali pa sharti nikaweka Predicate ya mche, na sharti lenyewe nikaliandika papo hapo, ndani ya mabano, mbinu isiyo na jina. Kufungua bomba nikampa Action. Nilipotaka kufuta hata mbinu ya kufunga mabomba yote, Mzee akanishika mkono.

"Hiyo iache na jina lake. Inaitwa kutoka sehemu nyingi."

Saa kumi haijafika, nikabonyeza. Mabomba yakakohoa, yakatema hewa, kisha maji yakaruka juu ya waridi, na juu ya Mama Mwende aliyesimama palepale. Akapiga vigelegele, amelowa chapachapa.

"Haya, sasa nipe miche ya mikebe midogo tu!"

Nikabadilisha mstari mmoja. Maji yakahama.

Mwanangu, kabla hujatengeneza chako, angalia kwanza ulichowekewa. Kazi ndogo ya mara moja iandike pale inapohitajika, uendelee na safari. Jina lihifadhie kile utakachokiita tena na tena. Na mtu akikukosoa huku mnacheka, mkaribishe chai, usimwache aende.

Mungu akujalie akili isiyochoka kuuliza na mikono isiyoogopa kufuta. Kazi yako iwafurahishe unaowafanyia, nawe ikufurahishe zaidi.