Kivuko Kilichoinama Upande

Daraja la Busisi lilipofunguliwa mji mzima ulishangilia, na mimi nilikuwamo. Baba yangu hakushangilia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kivuko kilichokuwa kikivusha magari hapo, akiyapanga: wewe lori njoo huku, wewe pikapu sogea pembeni, wewe wa bodaboda acha ujeuri. Sasa magari yanapita juu ya daraja bila kumuuliza mtu. Alihamia kwangu Igogo, akakaa sebuleni, akawa anawaitikia wajukuu "marahaba" na kunyamaza. Niliogopa. Baba alikuwa anafifia mbele ya macho yangu, na mimi fundi makabati sikuwa na dawa.

Nikaamua kumchongea kivuko chake, kidogo cha mbao.

Mabaki ya mbao za paini ninayo tele karakanani. Nilikata mbavu za kivuko kwa msumeno mdogo, nikazilinganisha kwa tupa, nikazisimika moja moja kwenye ubao wa chini. Kazi ngumu ilikuwa kuzifunika mbavu hizo. Niliranda vipande vyembamba vya ubao, lakini vilipofika pale mbele kivuko kinapoanza kuinuka, vikakatika. Mbao kavu haitaki kupindishwa. Basi nikavichemsha kwenye sufuria ya ugali, na mke wangu akanikuta.

"Sawa baba watoto," alisema. "Leo utakula hizo hizo."

Vililainika, nikavipindisha polepole, nikapaka gundi na kuvibana kwa vibanio vya nguo na mipira ya tairi la baiskeli. Kesho yake vilikuwa vimeshika. Nyufa niliziziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, nikapiga msasa, kisha vanishi mara tatu. Mwisho nikaweka chumba cha nahodha upande mmoja, kama nilivyokikumbuka. Nilijisifu sana, nakiri.

Jumapili mchana nikakitia kwenye karai la maji uani. Kikainama. Nikakigeuza, kikainama vilevile, upande wa chumba. Nikapunguza mbao hapa na pale kwa patasi, wapi! Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikachukua msumeno niking'oe kile chumba kabisa.

"Unakata nini hapo?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sikumbuki lini aliniuliza swali mara ya mwisho.

"Chumba, baba. Kinalemea."

"Nani alikwambia feri inapimwa tupu?"

Akashuka ngazi, akachuchumaa karibu na karai, akaagiza viberiti. Mke wangu akaleta vyote vya nyumbani, njiti akazimwaga kwenye sahani akinitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyeagiza. Baba akajaza mchanga kwenye viwili. "Haya malori." Vingine akaviacha vitupu, hivyo ni magari madogo. Lori la kwanza akaliweka mbali na chumba cha nahodha, la pili nyuma yake kidogo, akalisogeza kwa kidole. Magari madogo akayapanga upande wa chumba. Kivuko kikajiinua taratibu, kikatulia sawasawa juu ya maji.

"Hata feri yetu ikiwa tupu ilikuwa inalala hivyohivyo," alisema. "Wageni walikuwa wanaogopa kupanda. Mzigo ndio unaoisimamisha, ukiupanga vizuri."

Kisha akanionyesha makosa mengine: mlango wa kushukia magari ni mfupi mno, lori lingekwama, kamba za kufungia hazipo, na vyuma vya pembeni nimevisahau. Alisema kwa ukali, akinyoosha kidole, na kila kosa lilinifurahisha. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Jumatatu asubuhi nilipotoka kwenda karakanani, nilimkuta baba getini ameshavaa viatu.

"Mbona unachelewa?" aliniuliza. "Twende kazini."