Disketi Juu ya Redio

Miaka ya tisini, kwenye duka la kupiga chapa mjini Meru, mwanafunzi wa chuo kikuu alimpa karani disketi yenye utafiti wake wote. Alikuwa akitafiti diski zinazohisi kwamba zinakaribia kuharibika, zikatoa habari mapema.

Kompyuta ikanguruma, ikanyamaza.

"Haina kitu," karani akasema. "Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Mama aliiweka juu ya redio, pale tunaweka hati ya shamba."

Karani akaondoa mikono kwenye kibodi. "Spika ya redio iko na sumaku. Imefuta. Uko na ingine?"

Kijana akatikisa kichwa.

Mama yake, aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango, akauliza, "Iko salama?"

"Iko salama, mama."

Akaitia disketi mfukoni. Diski zake zingejua kutoa habari mbaya mapema. Yeye bado hakujua.