Kiolezo Kilichonyamazisha Ving'ora

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Tororo, Uganda, sikugusa waya wala chuma cha kulehemu. Mkuu wa Karakana, mtu wa mjini ambaye ukoo wake wote ni wa madereva wa malori, alinikalisha mbele ya kompyuta akanionyesha folda moja.

"Mwalimu," alisema, maana nilikuwa nimetoka kufundisha fizikia sekondari nikiwa na miaka arobaini na tano, "kila kifaa chetu kinaanzia hapa. Folda hii ikikosea, vyote vitakosea pamoja."

Niliitikia kama mtu aliyeelewa.

Tulitengeneza vifaa vidogo vya kuchunga mashine: pampu za visima, majokofu ya maziwa, mitungi ya oksijeni. Ndani ya kila kifaa mna chipu, na chipu haielewi maneno tunayoandika. Programu lazima kwanza ijengwe, yaani igeuzwe kuwa namba, na ujenzi huo hufuata faili la maelekezo: chipu ni ya aina gani, kumbukumbu yake ina nafasi kiasi gani, programu ni ya majaribio au ya kwenda kazini. Kuandika hayo upya kwa kila mradi kulitumalizia siku nzima. Ndiyo sababu tulikuwa na kiolezo, ile folda, iliyokwisha kujazwa kila kitu. Fundi ananakili, anabadilisha machache, anaendelea. Baada ya miaka miwili nikakabidhiwa mimi kukitunza.

Kifaa cha oksijeni kilifungwa kwenye mtungi, na presha ikishuka kilipiga king'ora. Tulipokuwa tukikijaribu kililia mchana kutwa, hadi fundi cherehani wa jirani akaja kulalamika. Nikaongeza mstari mmoja kwenye kiolezo: programu ya majaribio isilie, iwashe taa nyekundu tu. Na kwa kuwa muda mwingi tulikuwa tunajaribu, niliweka majaribio kuwa chaguo la kawaida, linalofuatwa mtu asipochagua. Anayejenga programu ya mwisho angebadilisha mwenyewe. Niliandika hivyo kwenye maelezo. Lakini nani husoma maelezo?

Baadaye nilihamishiwa ofisi yetu ya Busia, upande wa Kenya, chini ya Msimamizi wa Ubora, mama aliyezungumza polepole na kukusubiri umalize kujichanganya. Asubuhi moja nilikuwa naandaa kiolezo kwa mradi mpya wa majokofu, nikafika kwenye mstari wangu mwenyewe wa king'ora. Nikafungua orodha ya programu tulizojenga. Vifaa vinne vilikuwa vimepelekwa kituo kimoja cha afya upande wa Tororo, miezi mitatu nyuma. Majaribio. Majaribio. Majaribio. Majaribio.

Nilikwenda kunywa maji, nikarudi nikasoma tena, kana kwamba yangebadilika. Nitasema ukweli wote, kwa kuwa ninyi mafundi mnaoanza mtafika hapo pia: nilifikiria kusema tunakwenda kufanya ukaguzi wa kawaida, nirekebishe kimyakimya, yaishe. Nilikaa na wazo hilo kama dakika kumi. Kisha nikabisha mlango wa Msimamizi.

"Madam, vile vifaa vinne vya oksijeni havilii."

"Vimeharibika?"

"Hapana. Vimejengwa visilie. Kiolezo ni changu."

Aliweka kalamu chini. "Umewapigia simu?"

"Bado. Nilitaka kwanza nikueleze ilivyo—"

"Kwanza simu, Mwalimu. Mimi naweza kungoja."

Simu haikushika. Nilijaribu mara sita. Akachukua funguo za gari.

Mpakani foleni ya malori ilikuwa haisogei, na ofisa akataka kujua kompyuta na nyaya hizo ni za nini. "Karatasi ya hivi vitu iko wapi?" Msimamizi alimweleza kwa utulivu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akatupisha. Mimi nilikuwa nahesabu siku tangu vifungwe. Tisini na moja. Kila siku niliiwekea mgonjwa akilini.

Tulipofika kituoni, muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alitupokea akicheka. "Nyinyi mumekuja kuona hii kitu yenu? Iko mzuri. Hata siku moja haijalia. Sisi tunasema, oksijeni yetu hapana sumbua."

Sikuweza kucheka. Wodini, taa nyekundu ya kifaa kimoja ilikuwa inawaka ikiwa imeelekezwa ukutani, hakuna aliyeiona. Nikasoma presha: mtungi ulikuwa karibu kuisha, na mzee mmoja alikuwa anapumulia hapo. Sista aliacha kucheka, akaita mtungi mwingine, wakaubadilisha mara moja.

"Sista," nikauliza, "kuna mtungi uliowahi kuisha bila ninyi kujua?"

"Moja. Mwezi uliopita. Mama ya mtoto ndiye aliona mtoto anageuka rangi, akapiga kelele. Tukakimbia." Halafu akaongeza, labda kwa kuona uso wangu, "Mtoto alipona. Walirudi kwao, upande wa Sop Sop."

Nilibadilisha neno moja, nikajenga programu upya, nikaipakia kwenye vifaa vyote vinne. Tulipojaribu cha kwanza, king'ora kililia hadi watu wakatoka nje, nami nikahamia kwenye cha pili.

Sikufukuzwa. Msimamizi aliandika barua ya kueleza kosa, tukatia sahihi wote wawili, nikaipeleka kituoni mwenyewe. Kisha nikaondoa chaguo la kawaida kabisa. Tangu siku hiyo, mtu asipotaja kama programu ni ya majaribio au ya kazini, ujenzi unakataa na kusimama. Wenzangu walilalamika kwamba ninawachelewesha. Niliwaacha walalamike. Kwa miaka iliyobaki sikutuma kifaa bila kukisikia kikilia kwa masikio yangu, na bado nilirudi nyumbani na wasiwasi.

Nimestaafu sasa, ninalima kijijini Kisoko. Mafundi hunipigia kuuliza mambo ya chipu mpya, nami huwajibu kwamba chipu sizijui tena. Ninachojua ni kwamba chaguo la kawaida ni uamuzi unaomfanyia mtu ambaye hajui kwamba umeamua.

Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu nilikwenda Sop Sop mara mbili kumtafuta mama wa yule mtoto, mara zote nikaishia njia panda na kurudi. Mara ya tatu nilifika. Yule mama alikuwa anaanua mtama uliokuwa umeanikwa juu ya turubai, na msichana mrefu alikuwa anamsaidia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kumbe ile kitu ilitakiwa kulia?" aliuliza mwishowe.

"Ilitakiwa."

Alisukuma mtama uliobaki katikati ya turubai. Niliangalia miguu yangu.

"Na sasa inalia?"

"Inalia."

Alikung'uta mikono. "Basi shika huo upande mwingine wa turubai," akasema. "Mvua inakuja."